Picha bila majina: kutunza historia ya mtaa wako Lubumbashi kabla sanduku halijagawanywa

Chini ya vitanda vya Kamalondo, Kenya na Katuba, komini (wilaya) za mji wetu, kuna masanduku ya chuma, na ndani yake kuna historia ya Lubumbashi isiyopatikana katika ofisi yoyote: picha za ndoa, mabuku ya kazi, risiti za lupango (kiwanja cha nyumba), kadi za timu ya mpira, barua kutoka Likasi na Kolwezi. Kilio kikiingia nyumbani, sanduku linafunguliwa, watu wanacheka na kulia kidogo, kisha watoto wanagawana. Ukirudi kuuliza baada ya miaka mitano, picha zipo. Kilichopotea ni majina. Mzee wa mwisho aliyejua kwamba huyu wa pili, mwenye kofia, ndiye aliyekuwa kapita (msimamizi) wa kambi ya wafanyakazi, ameshazikwa. Zimebaki sura kumi na moja mbele ya ukuta wa matofali, na hakuna wa kuziita.

Kwa hiyo kalamu ya risasi inatangulia skana. Wengi huanza kwa kutafuta mashine, pesa na tovuti. Miezi sita inapita, na mama aliyekuwa na majina yote kichwani amehamia kwa mwanawe Kipushi. Vifaa vya siku ya kwanza vinaenea katika mfuko mmoja: kaye (daftari) ya kurasa 200, kalamu mbili laini za risasi (2B inafaa), kifutio, karatasi chache za kalke (karatasi angavu ya kunakilia michoro), bahasha za karatasi, na simu yenye nafasi.

Anza na upande wa nyuma

Picha igeuzwe kabla haijatazamwa sana. Muhuri wa studio mara nyingi hutaja avenyu na mji. Ukisoma Élisabethville, muhuri huo ulichongwa kabla ya 1966, mwaka mji ulipopewa jina la Lubumbashi; lakini mpiga picha mbahili angeweza kuugonga miaka miwili zaidi, kwa hiyo usiuamini peke yake. Karatasi nayo ina alama ya kiwanda. Neno Gevaert likiwa peke yake huelekeza kwenye karatasi ya zamani, kwa sababu Gevaert ya Ubelgiji iliungana na Agfa mwaka 1964 na kampuni ikawa Agfa-Gevaert. Kwa barua na vyeti, soma kichwa cha karatasi: Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, ni kabla ya 1967, Gécomin ni miaka michache inayofuata, kisha Gécamines.

Mbele, tazama shingo za wanaume. Kuanzia mwanzo wa miaka ya 70 tai ilipigwa marufuku na abacost, koti lisilovaliwa na tai, ikachukua nafasi yake, hadi Rais Mobutu alipolegeza kamba Aprili 1990. Sherehe ya kiserikali ambayo wakubwa wote wamefunga tai haiwezi kuwa ya 1980. Harusi ya nyumbani ni jambo jingine, na studio ilikuwa na tai yake ya kuazimisha, basi hapo ongeza ushahidi mwingine.

Kuandika nyuma ya picha kuna adabu yake. Tumia kalamu ya risasi, si biki (kalamu ya wino): wino wa biki hupenya au huhamia kwenye picha ya jirani, na ncha yake huacha mtaro unaoonekana mbele. Ilaze picha kifudifudi juu ya kioo au meza ngumu, andika pembeni, kwa mkono mwepesi. Picha za karatasi ya plastiki, ambazo zilienea kuanzia miaka ya 70, hazishiki risasi. Hizo zitie katika bahasha na uandike juu ya bahasha, kabla picha haijaingia ndani.

Mchoro wa vichwa

Hii ndiyo kazi inayookoa picha za vikundi: darasa, kwaya, timu, wafanyakazi wa kiwanda mbele ya tanuru. Usimwambie mzee "nitajie watu wa kwenye picha" ukaandika orodha. Orodha inavunjika palepale, kwa sababu safu hazinyooki, wengine wamechuchumaa, mtoto mmoja amejipenyeza katikati, na hakuna anayejua "kutoka kushoto" ni kushoto kwa nani.

Toa kopi ya picha kwenye A4, nyeusi na nyeupe inatosha. Weka kalke juu yake, ubandike kwenye kioo cha dirisha mchana ili mwanga upite, uchore mzingo wa kila kichwa na mabega. Ondoa kalke, tia namba ndani ya kila kichwa, kuanzia safu ya nyuma, kushoto kwako wewe unayetazama. Kisha piga kopi tano za mchoro huo. Sasa mzee akigusa sura kwa kidole, unaandika tu: 7, jina, kazi yake, alikoishi, na nani amesema. Hilo la mwisho usiliache kamwe. Watu wawili wakitofautiana juu ya namba 7, andika majina yote mawili na jina la kila msemaji pembeni. Usiamue wewe. Mwaka ujao atakuja wa tatu mwenye picha nyingine ya mtu huyohuyo, na ugomvi utakwisha wenyewe.

Swali nalo lina uzito. "Huyu ni nani?" humfanya mtu mzima aone haya akiwa amesahau, akasema "simujui" na kugeuza ukurasa. Afadhali "Mama, huyu aliyeshika kikapu alikuwa anakaa wapi?" Jina likiwa limefichama, nyumba haifichami, na akishaingia katika nyumba ile kwa mawazo atakutajia hadi mbwa.

Kuna mtego wa kwetu ambao vitabu vya mafunzo kutoka nje havina. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yaliondolewa kwa amri ya Mobutu, na watu wakachukua majina ya asili. Hivyo mtu mmoja anaonekana katika darasa la 1965 akiwa Jean, katika buku la kazi la 1975 bila Jean na akiwa na jina la babu yake, na baada ya 1990 Jean amerudi kanisani. Ukifungua faili tatu umezaa watu watatu. Katika kaye weka safu mbili za majina, la kabla ya 1972 na la baada, na ya tatu kwa jina la mtaani, ambalo mara nyingi ndilo pekee majirani wanalolijua. Kwa waliofanya kazi Union Minière au Gécamines ongeza matrikule, yaani namba ya mfanyakazi. Kuna wazee wanaosahau mwaka waliooa lakini matrikule wanaitaja bila kukohoa, na namba hiyo haikubadilika pale jina lilipobadilika.

Mazungumzo na wazee

Usiulize mwaka. Uliza kabla au baada ya nini. Lubumbashi ina misumari mingi ya kutundikia kumbukumbu: mgomo wa Union Minière wa Desemba 1941, ambao walio hai wengi waliusikia kwa baba zao, uhuru wa Juni 1960 na kujitenga kwa Katanga kuanzia Julai 11 mwaka huohuo hadi Januari 1963, pesa mpya ya zaire mwaka 1967, zairianisation ya Novemba 1973, maduka ya wageni yalipobadilisha wenyewe, vita vya Shaba (ndivyo Katanga ilivyoitwa wakati huo) vya 1977 na 1978, kufukuzwa kwa Wakasai mwaka 1992 na 1993, kuingia kwa askari wa Kabila Aprili 1997. "Robine (bomba la maji) hii iliwekwa kabla ya kujitenga au baada?" Utapata jibu. "Iliwekwa mwaka gani?" Utapata mwaka wa kukuridhisha.

Kurekodi kwenyewe ni rahisi, na huharibika kwa mambo madogo. Weka simu katika hali ya ndege, la sivyo mtu atapiga katikati ya jambo zito na baadhi ya simu hukata rekodi. Ilaze juu ya kitambaa kilichokunjwa, sentimita 30 hadi 50 kutoka kinywani, si moja kwa moja mezani ambapo kila kikombe kinachowekwa kinalia kama nyundo. Epuka jenereta ya jirani. Kuanzia Novemba hadi Aprili usiweke miadi ya alasiri chini ya malata (mabati): mvua ikianza, saa nzima ya rekodi ni ngoma tupu. Asubuhi saa tatu ndiyo nzuri. Anza kwa kutamka tarehe, mahali, jina la msemaji, jina lako, na ridhaa yake kwa maneno yake mwenyewe. Saa moja inatosha. Baada ya hapo mzee amechoka na wewe umeacha kusikiliza. Ukirekodi WAV (faili la sauti lisilobanwa) ya kilohezi 44.1, biti 16, mono, saa moja inachukua takriban megabaiti 318, kwa hiyo angalia nafasi kabla hujatoka nyumbani.

Kuandika kilichosemwa ndiko kunakoua miradi. Saa moja ya maneno huomba saa tano au sita za kuandika, na zaidi wakiwa wawili wanaokatizana. Kama huna muda huo, tengeneza ratiba ya dakika: 00:04 safari kutoka kijijini, 00:11 posho ya kambi, 00:19 mwalimu mkali. Ukurasa mmoja kama huo unafanya rekodi itafutike. Rekodi arobaini zisizo na ratiba ni sawa na sanduku lilelile chini ya kitanda, tena hili huwezi hata kulipekua.

Na Kiswahili chetu kiachwe kilivyo. Mtu akisema "tulikuwa tunaikala mu kambi", iandikwe hivyo, isigeuzwe "tulikuwa tukiishi kambini" ili ipendeze kwa watu wa Dar es Salaam. Tuna mfano mkubwa hapa hapa. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya chama cha waliokuwa wapishi na watumishi wa nyumbani, aliandika historia ya mji huu, Vocabulaire de ville de Elisabethville, kwa Kiswahili cha mji wenyewe. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alipoitayarisha kuchapishwa upya, maandishi yalikuwa magumu kuyasoma kwa macho. Ilibidi Kalundi Mango, mtu wa lugha hiyo, ayasome kwa sauti ndipo maneno yakaachana na maana ikatoka. Kama Yav angesubiri ajifunze sanifu kwanza, tusingekuwa na ukurasa hata mmoja.

Kunakili

Skana ya meza ikipatikana, picha za sentimita 9 kwa 13 zitie kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi). Hiyo inatoa karibu pikseli 2,126 kwa 3,071, na faili la TIFF la rangi la megabaiti 20 hivi. Kwa picha 1,000 ni gigabaiti 20. Flashi ya 32 inazibeba. Picha ndogo za kitambulisho ziende 1,200. Hati za A4 zatosha kwa 300. Upande wa nyuma nao unakiliwe kila mara ukiwa na chochote, hata namba moja iliyofutika nusu.

Bila skana, simu inafaa. Kaa karibu na dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja, zima taa ya kamera, laza picha juu ya karatasi nyeupe. Simu ilale kwenye kipande cha kioo kinachoshikiliwa na rundo mbili za vitabu vya urefu sawa, lenzi ikitazama chini. Ibonyeze kwa kipima muda cha sekunde mbili ili mkono usitikise. Pembe nne za picha zikionekana hazina mraba, simu imeinama: sawazisha vitabu, usitegemee programu inyooshe baadaye. Picha iliyoshikana na kioo cha fremu usiivute. Ngozi ya picha itabaki kwenye kioo. Ipige ikiwa humohumo, ukiweka kitambaa cheusi nyuma yako kuzuia mng'ao. Zile za albamu zenye karatasi ya gundi na plastiki juu, piga kwanza ukurasa mzima kama ulivyo, maana mpangilio wake ni habari, kisha jaribu kupitisha uzi wa kusafishia meno kati ya picha na gundi. Ikigoma, iache.

Majina ya faili yawe mafupi, bila nafasi wala alama za Kifaransa: KEN-014-003-mbele, KEN-014-003-nyuma. KEN ni komini ya Kenya, 014 ni namba ya familia katika kaye, 003 ni picha ya tatu. Jina la familia libaki kwenye kaye. Kamwe usiweke tarehe unayoikisia kwenye jina la faili, kwa sababu ukijua mwaka sahihi itabidi ubadilishe faili kwenye flashi tatu na moja utaisahau.

WhatsApp ni mtego mtamu. Ukituma picha kama picha, inabanwa, inapoteza jina la faili na hata tarehe yake. Tuma kama hati. Watu wakikuletea picha za mtaa kupitia kundi, shukuru, andika nani ameleta, kisha nenda na simu yako ukanakili karatasi yenyewe. Nakala ya nakala inakufikia ikiwa imepauka.

Mvua, mchwa na plastiki

Familia ibaki na asili yake. Usichukue sanduku la mtu "kulitunza". Nakili palepale kibarazani, uondoke mikono mitupu. Ila unaweza kuwafundisha mambo machache. Sanduku liinuliwe juu ya matofali mawili, lisiguse ukuta, lisikae juu chini ya malata ambako Oktoba panachoma. Mchwa hupanda ukutani na mende hula gundi na utando wa picha. Mchele wa kunyonya unyevu hausaidii kitu, unaita wadudu tu. Msimu wa kiangazi ukifika, siku moja ya kufungua na kupepea kivulini inatosha.

Jambo la kusikitisha zaidi ni kuplastifia. Mtu anapenda cheti cha baba yake, anakipeleka kwa kijana mwenye mashine karibu na soko, kinarudi kinang'aa. Joto limeyeyusha wino wa muhuri, unyevu umefungiwa ndani, na hakuna njia salama ya kukitoa tena. Bahasha ya karatasi ya faranga chache ingefanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Nakala zako ziwe tatu: kompyuta au simu, flashi au diski, na moja katika nyumba nyingine, ikiwezekana komini nyingine. Flashi hufa bila kuaga, hasa umeme ukikatika wakati wa kunakili. Kila miezi sita fungua faili kumi bila mpangilio uone kama zinafunguka. Nakala ya nne ipelekwe kwa watu wenye kazi hiyo: Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina mradi wa Mémoires de Lubumbashi tangu 2000, ambao mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu ni miongoni mwa waliouongoza, na Makumbusho ya Taifa yapo mjini. Peleka nakala pamoja na kurasa za kaye. Faili bila kaye halina faida kwao zaidi ya kwako.

Yasiyowekwa hadharani

Unapozunguka na kaye ukiuliza nani alikaa wapi, watu watadhani umetumwa kwa ajili ya malupango. Wana haki. Pita kwanza kwa chefu wa kartie na umwambie wazi unachofanya. Kisha jiwekee sheria: andika nani aliishi, usiandike nani ni mwenyewe. Sentensi moja ya mzee, "hii lupango baba yake aliiuzia yule", ikitoka kwenye kaye yako ikaingia katika kesi ya ndugu wawili, hakuna atakayekufungulia sanduku tena kwenye avenyu ile. Risiti na hati za kiwanja unaweza kuzinakili kwa ajili ya familia, lakini zisitoke nje ya faili lao.

Yaliyotokea mwaka 1992 na 1993 yaandikwe, kwa sababu waliofukuzwa na waliobaki wote wanazeeka. Ila rekodi hizo zifungwe kando, bila jina la msemaji kwenye faili, na ukubaliane naye zifunguliwe lini: akishafariki, baada ya miaka ishirini, au kamwe. Usimrekodi mbele ya majirani. Akinyamaza, usimsukume.

Kuurudishia mtaa

Ramani ndiyo inayovuta watu haraka kuliko picha. Chora avenyu yako kwenye karatasi kubwa, nyumba kwa nyumba, halafu weka vilivyokuwapo: robine ya pamoja, baa, kantini, mti wa muembe wa vikao, kiwanja cha mpira kilichojengwa juu. Andika jina la zamani la avenyu chini ya jipya. Kamalondo yenyewe iliwahi kuitwa Albert, na wapo wanaoiita hivyo bado. Kwenye OpenStreetMap kuna sehemu maalumu ya jina la zamani, old_name, ambayo yeyote anaweza kuijaza bila kuomba ruhusa, na ramani hiyo inaonekana hadi Brussels kwa wajukuu. Usisahau kuta za sebule: michoro ya Colonie belge (maisha ya enzi za Wabelgiji) na mamba muntu (nguva) iliyotundikwa nyumba nyingi huwa na sahihi ya mchoraji kwenye kona. Ipige pamoja na kochi na kitambaa chake, maana hapo ndipo ilipokuwa ikiishi.

Kwa maonyesho huhitaji ukumbi wa kukodi. Baada ya misa, chini ya mti wa parokia, kamba mbili na vibanio vya nguo vinashika A3 thelathini. Kila picha iwe na namba kubwa na mchoro wake wa vichwa kando, na kalamu ya risasi iliyofungwa kwa uzi, kwa kuwa kalamu isiyofungwa huondoka na mtu wa tatu. Picha zisizo na jina hata moja zitundikwe karibu na mahali akina mama wazee wanapokaa, katika urefu wa macho ya mtu aliyeketi. Weka kijana mmoja pale asimame tu, asikilize, aandike na jina la anayesema. Michoro ikusanywe jioni ileile kabla upepo haujaichukua, na kabla hujalala ihamishie kwenye kaye, ukiwa bado unakumbuka mwandiko upi ni wa nani.